Kamati ya Mzee Peterson Yamsindikiza Cheruto

Kosa lilikuwa la viti. Mama yake Cheruto alitaka viti tu, basi, viti vya plastiki vya kukalia wageni watakaokuja kunywa chai na kumuaga binti yake anayekwenda Denmark kusomea ng'ombe wa maziwa kwa mwaka mmoja. Na katika mteremko wao huo wa Keringet, ukitaka viti vingi huendi dukani. Unaenda kwa Mzee Peterson, kwa sababu viti ni vya kamati, tenti ni ya kamati, na zile sufuria zinazopikia kijiji kizima zinalala kwa stoo ya Mzee Peterson, ambaye ndiye mwenyekiti.

Kamati ya nini? Hapo ndipo palipokuwa na maneno. Ni kamati ya mazishi. Haijawahi kuwa ya kitu kingine tangu iundwe. Harusi siku hizi watu wanafanyia mjini, watoto wanabatizwa kimyakimya, na ukifaulu mtihani unapongezwa kwa WhatsApp na kusahauliwa kabla simu haijaisha chaji. Lakini ukifa, ndugu yangu, utaheshimiwa. Ukifa, Mzee Peterson anavaa koti lake jeusi na kufikia jioni kila mtu anajua atabeba nini na atakaa wapi. Wewe jaribu kupanga umati ule, ulie, uzike na uende nyumbani kabla ya mvua ya alasiri, uone kama ni mchezo.

Mzee alimsikiliza Mama Cheruto mpaka mwisho, akamwambia asijali, akae na familia, kazi iliyobaki ni ya kamati. Mama akashukuru, akarudi nyumbani moyo ukiwa mweupe.

Jioni hiyohiyo watu wakaanza kuja. Wanawake walifika na kuni mgongoni. Wanaume walikaa nje kwenye mabenchi, mikono katikati ya magoti, kimya. Mchungaji akaleta nyimbo. Cheruto akitoka jikoni na birika la chai, wageni wanashtuka kidogo wakimwona, halafu wanamshika mkono kwa mikono miwili na kumwambia pole. Pole ya nini? Ya safari, walisema, lakini kwa ile sauti unayoijua. Jirani mmoja alimuuliza mama kama jambo lenyewe lilikuja ghafla ama walikuwa wanalijua. Mama akajibu kwamba walijua tangu chuo kilipoandika. Jirani akapangusa macho, akasema afadhali walikuwa na nafasi ya kujitayarisha.

Cheruto angecheka mpaka amwage chai. Ni msichana wa kucheka, hata shuleni alifukuzwa kwa sababu hiyo. Lakini kulikuwa na jambo limemkaa rohoni, na hilo lilikuwa baba yake.

Kibii, baba yake, hakuwa amesema neno. Si ndiyo, si hapana. Tangu Cheruto alipochaguliwa, ukitaja Denmark mbele ya huyo mzee, papo hapo anakumbuka ng'ombe. Anainuka, anavaa gambuti zake za mpira, anaelekea zizini. Zizi lilisuguliwa mpaka ungeweza kulia chakula sakafuni. Cheruto alimfuata huko mara nyingi, akamsaidia kukamua huku akimweleza habari za chuo, baridi ya kule, mashine zao za maziwa. Baba alisikiliza yote bila kumkatiza, kisha akasema yule mweupe amepunguza maziwa.

Wengine wataona ni jambo dogo. Kwa hao watu si dogo hata kidogo. Mtoto haendi mbali kwa miguu yake tu. Lazima mzazi amtume. Hata Cheruto alipokuwa akienda bweni hapo Molo, baba alisimama mlangoni, akapiga funda la mursik, yale maziwa lala ya kibuyuni, akamnyunyizia kifuani na kumwambia aende salama. Hapo umetumwa. Asipokutuma umetoroka, na mtoro hana raha hata akifika peponi.

"Asiponituma, siendi," Cheruto alimwambia mama yake, na hakuwa anatania.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, ndege Jumapili, na sanduku lake lilikuwa tupu kitandani kwa sababu hakuwa na moyo wa kulijaza. Mama, kuona hivyo, ndipo alipomwambia alichosema baba usiku wa kwanza, watu wa kamati walipoondoka. Alikuwa ameuliza swali moja tu: ni wewe umewaita hao? Mama akajitetea kwamba aliomba viti. Baba akasema, hao ndio walimtoa Kipkorir uwanja wa ndege.

Kipkorir alikuwa mtoto wa kaka yake Kibii. Alienda ng'ambo kusoma, akakaa, mwaka ukawa miaka, na aliporudi alirudi ndani ya sanduku, akapokelewa na kamati hiyohiyo na lile gari lao la maiti, refu, jeupe, lenye vioo pembeni. Kwa hivyo sasa Cheruto alijua. Baba hakuwa na hasira wala wivu. Alikuwa anaogopa, na mtu mzima anayeogopa hana pa kuupeleka woga wake zaidi ya zizini.

Huku nyuma kamati ilikuwa kazini. Kikao cha pili kilikwama kwenye jambo la kwanza kabisa: tunamtoa wapi? Mama alisema hatolewi popote, si huyo hapo anapita na vikombe. Wanakamati wakatazamana. Programu ya Mzee Peterson huanza na msafara, na msafara hutoka mahali kuja nyumbani. Mtu ambaye ameshafika nyumbani unamwanzia wapi? Walibishana mpaka chai ikaisha. Mwishowe ikaamuliwa kwamba Ijumaa Cheruto apelekwe Nakuru, alale Kiamunyi kwa Auntie Cate, dada mdogo wa mama, ili Jumamosi asubuhi kamati iende ikamtoe.

Auntie Cate alimfungulia geti.

"Kwa hivyo umetoka Keringet kuja hapa, ndio utolewe hapa urudishwe Keringet, ndio utoke Keringet upitie hapa tena ukienda Nairobi?"

"Ndio, auntie."

"Na hukuwaambia huu ni ujinga?"

"Niliwaambia. Ikapigiwa kura."

Asubuhi msafara ukafika, magari yamewasha taa mchana kweupe, vitambaa vyekundu vimefungwa kwa vioo. Mbele kabisa lilikuwa lile gari refu jeupe. Cheruto alikataa katakata kupanda nyuma, akaingia mbele kando ya dereva. Dereva alikuwa mtu mpole. Alimwambia, bila ubaya, kwamba abiria wake huwa hawakai hapo, na walipofika barabarani Cheruto alipomuuliza kama anaweza kufungua dirisha, jamaa alikaribia kukanyaga breki. Hakuwa amewahi kuulizwa kitu na mteja. Pale Sachangwan, kwenye mteremko wa ajali nyingi, mahali ambapo madereva wa malori hawana mzaha na msafara wa aina hiyo, malori yalitulia kando na watu wakavua kofia. Mmoja alimwona Cheruto akimpungia mkono, akapanda lori lake na kufunga mlango.

Nyumbani tenti ilikuwa juu, kwaya imepangwa, na picha kubwa ya Cheruto imesimamishwa mlangoni ikiwa na utepe wa zambarau. Yeye mwenyewe alikalishwa peke yake katikati, pale ambapo kamati huweka kile inachowekaga. Baba alikuwa mstari wa mbele, amevaa koti lake la kanisa. Lile gari lilipoingia getini alikuwa amesimama. Alilitazama gari, akamwona binti yake akishuka mlango wa mbele, akakaa chini polepole. Cheruto alitamani kumkimbilia, lakini wanawake wa kamati walikuwa wamemshika huku na huku wakimwongoza kwa upole kwenye kiti chake.

Mshika kipaza sauti alikuwa Kamande kutoka Molo, bingwa wa kazi hiyo, sauti nzito, machozi ya kukodi. Akaita mmoja mmoja. Majirani wakasema. Chama cha maziwa kikasema. Mwalimu wake wa zamani alisema Cheruto alikuwa mtoto mnyamavu, mtiifu, asiyeonekana. Cheruto akainua mkono kurekebisha. Kamande akainama akamnong'oneza kwamba, dada, samahani, programu haina nafasi yako. Akamwonyesha karatasi. Kweli haikuwa nayo. Hata mfunga tenti alipewa dakika zake, lakini mwenye safari hakupewa hata ya kukohoa.

Ikafuata ile foleni ya kupita na kumwangalia. Bibi mmoja alimgusa shavu na kumwambia mwenzake kwamba wamemtengeneza vizuri. Kijana mmoja aliyewahi kumsengenya walipokuwa sekondari alipiga magoti akalia akiomba msamaha, na Cheruto aliposema kwa sauti kwamba amemsamehe, kijana akaruka nyuma akamkanyaga mchungaji. Aliyelia kuwashinda wote alikuwa mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua. Walipomuuliza, kumbe alikuwa anaenda matanga ya huko juu, njia ya kwenda msituni, akapotea. Wakamweleza kwamba hapa hakuna aliyekufa, mhusika ndiye huyo amekaa. Akasema sawa, lakini ameshaanza, wacha amalize.

Basi ikafika zamu ambayo Cheruto alikuwa akiingojea tangu asubuhi. Kamande alishusha sauti, akasema sasa ni neno la mwisho, neno la baba mzazi.

Kiti cha baba kilikuwa wazi.

Watu wakageuza shingo. Mtu akasema amemwona akielekea zizini. Cheruto alijisemea ndani kwa ndani kwamba basi, imeisha, haniambii kitu, kesho nitamrudishia Auntie Cate ile sweta aliyonipa ya baridi ya huko na maisha yaendelee. Machozi yakamtoka kwelikweli, na umati ulipoyaona ukaridhika sana.

Kamande hakuwa mtu wa kuacha programu ilale. Kama baba hawezi kusema tutamwelewa, alisema, ni uchungu, kwa hivyo tusonge mbele, tuelekee kaburini. Kwaya ikaanza. Watu wakainuka kwa mazoea, wakapanga mstari, wakazunguka nyuma ya nyumba wakiimba, na Cheruto katikati yao akisukumwa na mwendo wa watu. Walipofika karibu na shamba la nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, ndipo mtu mmoja alipoacha kuimba na kuuliza: kaburi gani?

Lakini lilikuwepo. Lilikuwa pale, refu, pembe zimenyooka, udongo mwekundu umerundikwa kando vizuri, na vijana wa kamati wameegemea majembe wakipangusa jasho. Walichimba asubuhi wakati msafara uko njiani, kama wanavyochimba siku zote.

Mama Cheruto alipiga ukemi uliowatoa kuku mitini. Nyimbo zikakatika. Watu wakarudi nyuma, wengine wakashika vichwa, na yule mama mgeni peke yake akasogea mbele kuangalia kina.

"Nani aliwaambia mchimbe?" Mzee Peterson aliuliza, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa na uenyekiti ndani.

"Nani alituambia tusichimbe?" vijana wakajibu.

Na jambo lenyewe halikuwa la kufunika na kusahau, kwa maana shimo la namna hiyo haliachwi wazi, wala halifukiwi tupu. Lazima kitu kiingie. Wazee wakainamisha vichwa kushauriana. Mmoja alisema huko kwa wakwe zake huzikwa shina la mgomba, lakini Keringet na baridi yake, mgomba utautoa wapi, hata wa dawa hakuna. Mwingine akapendekeza sanduku la safari. Likaletwa, likafunguliwa, likaonekana ni tupu, watu wakalikimbia kuliko shimo. Kamande akauliza kwa adabu kuhusu ile picha. Mama alimtazama mara moja tu na Kamande akazima kipaza sauti. Mawingu yalikuwa yameanza kuja kutoka upande wa msitu.

Cheruto alisimama ukingoni akitazama chini. Aliogopa, kusema ukweli. Ulimwisha mzaha wote aliokuwa nao. Ukichimbiwa shimo la saizi yako unaliangalia tu, na miguu inakataa kwenda mbele na nyuma.

Ndipo baba akatokea. Alikuja kutoka zizini na koti lake la kanisa juu na gambuti chini, watu wakampisha. Akasimama kando ya binti yake. Akaliangalia shimo kwa muda mrefu. Cheruto aliushika mkono wake mmoja.

"Nani amechimba hapa?" baba aliuliza.

Vijana wakainua mikono nusunusu.

"Mmechimba vizuri. Hii ni shimo ya sileji."

Vijana wakaangalia majembe yao.

"Nasema ni sileji, majani ya kuwekea ng'ombe. Nimekuwa nikiitaka tangu kiangazi. Leteni mabua ya mahindi, yako pale nyuma. Nepia mkate hii hapa. Washeni mashine. Mama Cheruto, molasi iko kwa debe, na ile nailoni kubwa."

Nadhani watu walifurahi kupewa kazi. Mtu aliyekuja kuzika ana nguvu nyingi, akikosa mahali pa kuzipeleka zinamuumiza. Mapanga yakatoka. Mashine ya kukata majani ikanguruma, majani yakaanza kuingia shimoni, na kila mfugaji anajua kwamba sileji haitaki hewa. Usipoikanyaga vizuri inaoza. Kwa hivyo lazima ikanyagwe. Wakaingia. Wanawake wa kamati katika sketi zao nyeusi, mwalimu, kijana aliyesamehewa, wote ndani, wanapiga miguu. Kwaya ilipoona hivyo ikaanza ule wimbo wa kupumzika kwa amani, lakini kwa mwendo wa haraka ili miguu iende pamoja, na ulikubali sana. Mama mgeni alikanyaga kwa bidii huku akiuliza chakula kinatoka saa ngapi.

Mzee Peterson alibaki juu na karatasi yake. Alisema, kwa heshima, kwamba jambo hili halimo kwenye programu.

"Mwenyekiti," baba akamwambia, "ingia ukanyage."

Mwenyekiti aliviangalia viatu vyake vilivyong'aa, akaikunja karatasi akaitia mfukoni, akashikwa mkono akaingia.

Cheruto alikanyaga kando ya baba yake, gauni limepandishwa, molasi ikimnata mpaka magotini. Na kicheko chake kikarudi. Alicheka mpaka akashika bega la baba asianguke, na baba akawa ukuta, hakucheka, lakini hakusogea. Katikati ya kelele hizo baba aliongea kwa chini, akiangalia majani.

"Niliogopa," alisema.

"Najua, baba."

"Wakakuleta na ile gari."

"Nilikaa mbele."

"Niliona," baba akasema. "Hiyo ndiyo niliona."

Shimo lilipojaa wakalifunika na nailoni, wakarudisha udongo wote juu mpaka ukawa tuta, na kusema kweli ukilitazama kwa mbali lilikuwa kaburi kabisa. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yakianguka. Hakuna aliyeenda kwenye tenti. Mama alitoka jikoni na kibuyu, kwa maana aliona mume wake amesimama juu ya lile tuta na kuvua kofia.

"Mniskize," Kibii alisema, yeye ambaye hajawahi kuongea mbele ya watu hata kwenye harusi yake. "Hapa hakuna mtu wangu. Hapa kuna chakula ya ng'ombe. Cheruto anaenda Denmark, na hajatoroka. Ni mimi nimemtuma. Na hii shimo hakuna mtu ataifungua, hata kiangazi ikuje namna gani. Ataifungua yeye."

Akapiga funda la mursik, akamnyunyizia kifuani, juu ya gauni lililochafuka. Cheruto alilia, na safari hii hakujali nani anaridhika. Baba alimwekea mkono kichwani, akauacha hapo muda mrefu kuliko desturi inavyotaka.

"Ikifunikwa vizuri inakaa mwaka," alimwambia. "Ikipita mwaka, mimi sijui."

"Mwaka, baba."

"Basi enda ujaze hiyo sanduku."

Cheruto akaenda. Watu wakaanza kutawanyika kwa ajili ya mvua, wakielekea kwenye sufuria, na mama mgeni akiwa wa kwanza. Mzee Peterson ndiye aliyebaki nyuma. Alitoa ile karatasi mfukoni, imelowa molasi, akaikunjua, akalitazama tuta na kumtazama Kibii. Alionekana mnyonge kidogo, mzee wa watu, mtu ambaye ameyafunika mashimo yote ya mteremko ule na hakuna hata moja alilowahi kuombwa arudi kulifungua.

"Sasa hiyo siku ya kufungua," aliuliza, "programu inaanza na nini?"

Kibii alifikiri.

"Msafara," alisema. "Mtamtoa uwanja wa ndege, na ile gari. Akiwa amekaa mbele."